Mtandao Upo, Palipokatika ni Katikati

Wenzangu, hakuna sentensi ambayo mkimbizi anaisikia mara nyingi kama hii: "Mtandao hakuna, rudi kesho." Unaambiwa dirishani, unaambiwa kwenye meza ya usajili, unaambiwa hata na kijana mwenzako wa kujitolea ambaye jana mlikuwa naye uwanjani. Na ukishaambiwa hivyo, basi, umekwisha. Nani atabishana na mtandao? Mama aliyeacha watoto kwa jirani akatembea mwendo wa saa mbili anakunja karatasi zake, anazirudisha kwenye mfuko wa nailoni, anaondoka.

Mimi najitolea kwenye ofisi moja ndogo ya jamii hapa Nakivale, upande wa kompyuta. Ninachotaka kusema leo ni kwamba mara nyingi hiyo sentensi haina ukweli. Simaanishi mtu anadanganya. Anaona ukurasa mweupe wenye Kiingereza na namba 503, anajua kuna kitu kimekufa, na jina pekee alilo nalo la kitu kinachokufa ni "mtandao". Lakini hiyo 503 yenyewe imefika kwenye simu yake kwa njia gani? Kwa mtandao huohuo. Kama mtandao ungekuwa umekatika asingeona namba yoyote, kivinjari kingemwambia tu kwamba hakifiki. Namba 503 maana yake kuna mtu mlangoni, amekuona, amegonga ndani kwa niaba yako, na ndani hawaitikii.

Nieleze kidogo ili hata asiyejua kompyuta anifuate. Programu nyingi zinazotunza taarifa za watu zimeandikwa kwa lugha ya Java. OpenMRS na DHIS2, ambazo wafanyakazi wengi wa afya wa Afrika Mashariki wanazijua, ni za Java. Programu za namna hiyo huwa zinakaa ndani ya seva yao, mara nyingi ni ile inayoitwa Tomcat, halafu mbele yake inawekwa seva nyingine ya kupokea watu, Apache au Nginx. Apache ni kama askari wa geti. Ndiye mwenye cheti cha https, ndiye anayepokea kila anayekuja kwenye poti 443. Tomcat ni karani aliyekaa chumba cha ndani na mafaili. Wewe humwoni karani. Askari anachukua ombi lako, anampelekea, anarudi na jibu.

Kati ya askari na karani kuna mlango wao wenyewe. Unaweza kuwa poti 8080, hapo wanaongea HTTP ya kawaida. Au unaweza kuwa poti 8009, hapo wanaongea AJP, lugha yao ya ndani ambayo mtu wa nje haijui. Kesi nyingi za "mtandao hakuna" nilizokutana nazo zilikuwa kwenye huo mlango wa katikati. Nitawasimulia moja kwa urefu, kwa sababu ilikuwa na tabaka kama kitunguu na kila tabaka lilinifundisha kitu.

Ofisi yetu inatumia sola. Usiku wa Jumapili moja betri ziliisha, mashine ikazimika. Asubuhi jua lilipopanda ikajiwasha yenyewe. Dada wa mapokezi akaja kunitafuta na simu mkononi.

"Kaka, mtandao umekufa tena. Niwaambie warudi kesho?"

"Ngoja kwanza, dada. Wako wangapi?"

"Saba. Na gari la Mbarara linaondoka saa nane."

Hao saba walikuwa wanahitaji barua za rufaa kwenda hospitali. Barua zinatoka kwenye programu yetu, na namba ya faili ya mgonjwa, tarehe ya miadi na historia yake yote viko humo. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto anayefuatiliwa mguu, na kukosa siku yako kule maana yake unaanza kupanga foleni upya.

Jambo la kwanza ninalofanya siku hizi kabla ya kugusa chochote ni kuuliza: nani yuko macho? Kwenye Linux kuna amri fupi, `ss -tlnp`. Ukiiendesha kwa mamlaka ya msimamizi, inakuorodheshea kila poti iliyofunguliwa na programu inayosikiliza pale. Niliona 80 na 443, zote za Apache. 8080 hakuna. 8009 hakuna. Yaani askari yuko getini na sare yake safi, karani bado amelala nyumbani.

Sababu yake ni ya kawaida sana. Apache iliwekwa kwa njia ya vifurushi vya mfumo, kwa hiyo ilipangwa kuamka mashine inapowaka. Tomcat ilifunguliwa kwa mkono kutoka kwenye faili lililobanwa, na mtu aliyeiweka miaka ile alikuwa anaiwasha yeye mwenyewe. Alishaondoka, alipata safari ya kwenda ng'ambo, na hakuna aliyeambiwa kwamba karani huamshwa kwa mkono.

Nikaiwasha. Nikafungua logi yake, faili la `catalina.out`, nikasubiri ule mstari wenye maneno "Server startup in". Msikimbilie kupima kabla ya huo mstari, Java si mtu wa kuamka haraka. Ulipotokea nikapima kutoka ndani ya mashine yenyewe: `curl -I http://127.0.0.1:8080/`. Jibu likaja, 200. Karani yuko mezani.

Dada akajaribu kwenye simu. 503.

Hapa kuna mtego mmoja unaowapotezea watu muda mwingi. Apache ikigonga mlango ikakataliwa, inaweka alama kwamba yule wa ndani ana matatizo, na usipoibadilisha inakaa sekunde 60 kabla ya kugonga tena. Ndani ya hiyo dakika, hata kama umeshatengeneza kila kitu, itaendelea kutoa 503 bila hata kujaribu. Watu wengi wanatengeneza vizuri, wanapima baada ya sekunde kumi, wanaona bado, wanabomoa walichotengeneza. Kwa hiyo tulisubiri dakika mbili. Bado 503.

Basi nikaenda kusoma logi ya Apache, faili la makosa. Ningependa kila kijana anayejifunza kompyuta hapa ajue kusoma hilo faili kabla hajajua kitu kingine chochote. Lilikuwa limeandika waziwazi: "Connection refused", na kwamba limejaribu kufika 127.0.0.1:8009 kwa AJP. Nikarudi kwenye `ss`. 8080 imefunguka. 8009 haipo. Askari anagonga mlango wa 8009 kama alivyozoea, karani amefungua wa 8080 peke yake.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nilijua sasa tatizo liko wapi, ila sikujua litachukua muda gani, na gari halisubiri mtu ajifunze. Nikamwita dada akae kwenye mashine yenyewe ya seva, ina skrini na kibodi kama kompyuta nyingine yoyote. Nikamfungulia kivinjari palepale kwenye anwani ya 127.0.0.1 poti 8080. Ukurasa wa kuingia ukaja, taarifa zote zipo, printa inafanya kazi. Tulikuwa tumezunguka geti na kuingia kwa mlango wa jikoni. Barua saba zilikuwa tayari kabla ya saa sita. Kama unafanya kazi na shirika na unasoma hapa, naomba ukumbuke hili kabla ya mengine: programu inaweza kuwa nzima kabisa huku watu wanarudishwa nyumbani, kwa sababu tu mlango mmoja kati ya seva mbili umefungwa. Muulize mtu wa kompyuta kama inafunguka pale kwenye mashine yenyewe.

Gari lilipoondoka ndipo nikakaa chini kutafuta kwa nini 8009 imepotea.

Jibu lilikuwa kwenye folda. Wiki tatu kabla, mwenzetu mmoja alishusha toleo jipya la Tomcat 9, akalifungua pembeni ya lile la zamani, akageuza kiungo kielekee kwa jipya. Alifanya vizuri, la zamani lilikuwa la 2018. Lakini Tomcat iliyokuwa inaendelea kukimbia ilikuwa bado ile ya zamani, na hakuna aliyeizima. Mabadiliko yakalala pale yakisubiri betri ziishe. Ndiyo maana "jana ilikuwa inafanya kazi" ni ushahidi dhaifu sana. Jana ilikuwa inafanya kazi kwa mipangilio ambayo tayari ilishaondolewa.

Na toleo jipya haliwashi AJP lenyewe. Kuna historia hapo. Februari 2020 ulitangazwa udhaifu uliopewa jina la Ghostcat, namba yake rasmi ni CVE-2020-1938. Mtu yeyote aliyeweza kuifikia poti ya AJP aliweza kusoma mafaili yaliyo ndani ya programu, pamoja na mafaili ya mipangilio, na humo ndimo nenosiri la hifadhidata mara nyingi hukaa. Tomcat za wakati ule zilikuwa zinafungua hiyo poti bila kuulizwa, kwa kila anayeweza kuifikia. Kuanzia toleo 9.0.31, na kwa familia za zamani 8.5.51 na 7.0.100, mambo yalibadilishwa. AJP imezimwa hadi uiwashe, inasikiliza ndani ya mashine tu, na inadai neno la siri.

Sasa fuateni. Niliondoa alama za maelezo zilizoufunika mstari wa AJP ndani ya `server.xml`, nikawasha upya. 8009 haikutokea. Logi ya Tomcat ikasema `secretRequired` ni kweli lakini neno la siri ni tupu, hali hiyo haikubaliki, kwa hiyo mlango haukufunguliwa. Nikaweka neno la siri refu, nikawasha upya. Sasa `ss` ikaonyesha 8009! Apache ikajaribu: "Connection refused" tena.

Hapo nilitoka nje kidogo kunywa maji.

Niliporudi niliangalia tena mstari wa `ss` polepole. Haikuandika 127.0.0.1:8009. Iliandika [::1]:8009. Ule mstari wa mfano unaokuja na Tomcat mpya una anwani ya ::1, ambayo ni "mimi mwenyewe" kwa IPv6. Apache yetu iliandikiwa 127.0.0.1, ambayo ni "mimi mwenyewe" kwa IPv4. Ni kama nyumba moja yenye namba mbili, na kila mmoja anasimama kwenye mlango wake akisema mwenzake hajafika. Nikabadilisha anwani kuwa 127.0.0.1. Apache ikagonga, mlango ukafunguka, na jibu likawa 403.

Watu wanakasirika wakiona 403. Mimi nilifurahi. Kosa lililobadilika ni habari njema, maana yake umevuka ukuta mmoja. Karani sasa anasikia, anakataa kwa sababu askari hajasema neno la siri. Na hapo ndipo nikakuta Apache yetu ni ya zamani. Kipengele cha kutuma neno la siri kwa AJP kiliingia kwenye Apache 2.4.42, yetu ilikuwa chini ya hapo.

Nilimpigia simu jamaa mmoja anayejua mambo haya. Akaniambia: "Mdogo wangu, weka `secretRequired` iwe `false`, anwani weka 0.0.0.0, imeisha hiyo." Ni kweli ingeisha. Dakika moja tu. Na ushauri huo mtaukuta kila mahali, kwa sababu unafanya kazi.

Lakini fikirieni 0.0.0.0 ni nini. Ni kufungua mlango wa karani kwa kila mtu aliye kwenye mtandao wa ofisi, na Wi-Fi yetu inatumiwa na nusu ya vijana wa Base Camp. Na mafaili ya karani ni ya nani? Ni ya watu wetu. Kuna jina la mtu, kijiji alichotoka, nani alimfuata, nyumba anayolala sasa. Wapo waliofika hapa kwa sababu kuna mtu anawatafuta, na huyo mtu anaweza kuvuka mpaka kama sisi tulivyovuka. Kwa duka la nguo mtandaoni, mlango uliofunguliwa hovyo ni hasara ya pesa. Kwa ofisi kama yetu ni kitu kingine. Nilimshukuru kaka, nikakata simu, sikufanya alichosema.

Haki yake nimpe: kuondoa dai la neno la siri huku poti ikibaki 127.0.0.1 si wazimu, kama hakuna mtu mwingine anayeingia kwenye mashine hiyo. Kwetu wanaingia vijana wa mafunzo.

Nilichochagua ni kuachana na AJP kabisa. Nikafunga 8009 na kuifungia 8080 kwenye 127.0.0.1. Halafu nikaiambia Apache iongee HTTP ya kawaida na 8080, mistari miwili tu, `ProxyPass` na `ProxyPassReverse`. Unaihitaji moduli ya `proxy_http`. Bila hiyo utapata 500, na logi italalamika kwamba hakuna anayejua kushughulikia anwani hiyo. Nikaiwasha, nikawasha upya Apache, na simu ya dada ikafungua ukurasa wa kuingia.

Akaingiza jina na nenosiri, akatupwa kwenye anwani ya http isiyo na s, ikagoma.

Hili nalo lina sababu. AJP ilikuwa inambebea karani habari zote za mgeni: amekuja kwa https, ametoka anwani fulani, aliuliza jina gani. HTTP ya kawaida haibebi hayo yote. Tomcat inamwona askari tu, inadhani kila mgeni ni 127.0.0.1 na amekuja bila https, kwa hiyo inamrudisha kwenye http. Dawa yake ni `ProxyPreserveHost On` ili jina lipite, kichwa cha `X-Forwarded-Proto` kinachosema https, na upande wa Tomcat kuweka `RemoteIpValve` ili ivisome hivyo vichwa. Baada ya hapo kuingia kukafanya kazi, na logi zikaanza tena kuonyesha anwani halisi za watu. Kwa ofisi inayotunza siri za watu, kujua nani aliingia kutoka wapi ni lazima.

Mwisho tukaiandikia Tomcat faili la huduma la systemd ili iamke yenyewe. Siku iliyofuata, saa kumi na moja jioni watu walipokwisha, tukachomoa waya makusudi. Tukawasha, tukatoa mikono mfukoni bila kugusa kitu, tukasubiri. Ikarudi. Bila kuchomoa waya hujui kama umetengeneza.

Kuna mambo machache mengine niwaachie kwa haraka, maana si kila mtu ana Apache. Ukiwa na Nginx, mlango uliofungwa unakupa 502 badala ya 503. Ukiwa na Apache, 502 kwa kawaida inamaanisha wa ndani alipokea ombi halafu jibu likakatika njiani au likaja limeharibika. Hapo nenda kasome logi ya Tomcat, na uangalie `dmesg` kama Linux imeiua Java kwa kukosa RAM, jambo ambalo kwenye mashine za msaada zenye RAM ndogo hutokea sana. Na kama logi ya Apache inasema "Permission denied" badala ya "Connection refused", wakati poti iko wazi kabisa, hiyo ni SELinux. Rafiki yangu mmoja wa Kampala alipoteza siku mbili juu ya hilo. Ruhusa inaitwa `httpd_can_network_connect`. Msizime SELinux yote kwa ajili ya ruhusa moja.

Mashirika nayo yana sehemu yao. Mnapotuletea programu mnatuletea mafunzo ya siku mbili ya jinsi ya kubonyeza vitufe, na picha ya pamoja. Tunashukuru. Lakini tuachieni pia karatasi moja inayosema nini kiko mbele, nini kiko ndani, wanaongea kwa poti gani, na kila kimoja kinawashwaje. Mtu mliyemfundisha atahama, hiyo ndiyo hali ya maisha yetu, leo yuko hapa kesho jina lake limetoka kwenye orodha ya safari. Karatasi haipandi ndege.

Sisi tuliitengeneza ya kwetu, imebandikwa ukutani nyuma ya mapokezi. Juu ina maneno ya kumwambia mtu: ukiona 502 au 503 sema "karani wa ndani hajibu, kaa kidogo tumwamshe", umwite wa kompyuta. Ukiona kivinjari kinasema hakifiki kabisa, hapo ndipo useme mtandao.

Imebaki 504. Hiyo ni pale askari anapogonga, karani anaitika "nakuja", halafu haji hadi muda unaisha, ambao usipoubadilisha ni sekunde 60. Kwetu inatokea mwisho wa mwezi tu, ripoti kubwa inapotolewa. Nimeshaongeza muda wa kusubiri na haikusaidia, ilifanya watu wasubiri zaidi kabla ya kuona kosa lilelile. Tomcat ina nyuzi 200 za kuhudumia watu kama hujaibadilisha, na nikiangalia wakati wa ripoti nyingi zimekaa zinangoja hifadhidata. Kwa hiyo nadhani kosa liko huko nyuma zaidi, kwenye jedwali moja lisilo na faharasa. Mwezi huu nitajaribu kuiweka. Kwa sasa tunatoa ripoti usiku, betri zikiruhusu.